Tupeane uzoefu: Somo la kanzidata (database) lilikukaba wapi chuoni?

Daftari la Zamani
Wakuu, jana napanga vitu vyangu nikakutana na daftari la mwaka wa pili. Kurasa tatu nzima ni mishale tu, inatoka safu hii kwenda safu ile, nahangaika kufikisha jedwali kwenye umbo la tatu la kawaida, yaani kulivunjavunja hadi kila taarifa ikae mahali pake pamoja bila kujirudia. Pembeni nimeandika kwa wino mwekundu: "Kwa nini simu ya mwalimu haitakiwi hapa?" Moyo ulinienda mbio kama niko chumba cha mtihani. Waliopita humo, karibuni. Palikukaba wapi?

Usiku wa Manane
Mimi ni NULL, ile nafasi isiyo na thamani yoyote. Tuliambiwa tutafute wanafunzi ambao hawajaazima kitabu chochote. Nikaandika NOT IN, yaani wasiomo kwenye orodha ya walioazima, nikaendesha, jibu likaja tupu. Nikarudia mara kumi. Kumbe jedwali la maazimo lilikuwa na mstari mmoja tu ambao namba ya mwanafunzi ni NULL, na huo mmoja unatosha kulifanya sharti zima lisiwe kweli kwa mtu yeyote. Nilipobadilisha kuwa NOT EXISTS, inayouliza tu kama mwanafunzi hana azimo lolote, majina yakamiminika. Siku mbili za maisha yangu zilipotelea hapo.

Chaki na Ubao
Hapo kwa NULL hata mimi. Nakuunga mkono.

Mama Wawili
Nimesoma neno "maazimo" hapo juu mikono ikanitetemeka. Ngoja niseme.

Tulikuwa wanne, mradi wa muhula mzima: mfumo wa maktaba. Data tuliingiza wenyewe kutoka kwenye orodha za karatasi, vitabu 2,316, jioni baada ya jioni. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, saa tano, mimi ndiye niliyekuwa kwenye kompyuta. Nikaona kitabu kimoja hali yake imekosewa. Nikaandika amri kwa mistari miwili: wa kwanza UPDATE kitabu SET hali = 'kimeazimwa', wa pili WHERE na namba ya kitabu, ndio unaosema kibadilishwe kipi. Programu tuliyotumia huendesha kile tu ulichokitia kivuli kwa kipanya. Nikatia kivuli mstari wa kwanza. Nikabonyeza.

Chini pakaandikwa: mistari 2,316 imebadilishwa.

Nilikaa naitazama ile namba. Nikaandika ROLLBACK, amri ya kutengua mabadiliko, haikurudisha chochote, maana hatukuwa tumefungua muamala (transaction). Kila amri ilikuwa inathibitishwa hapo hapo. Nakala yetu ya akiba ilikuwa ya siku tisa nyuma. Nikawaamsha wenzangu. Mmoja alilia. Mwingine hakunisemesha hadi alfajiri.

Mshale
Pole sana dada. Ila siku tisa bila nakala? Hapo mlikosea wote, si wewe peke yako.

Kobe Mwendo
Mngejaza hali za kubuni tu. Mwalimu angejuaje?

Chaki na Ubao
Mkuu, unafundisha watu kughushi data mbele za watu. Huyo ndiye kesho tutamkabidhi kumbukumbu za wagonjwa.

Kobe Mwendo
Ni mradi wa darasani, usinikuzie mambo.

Chaki na Ubao
Tabia huanzia darasani.

Daftari la Zamani
Jamani taratibu. Mama Wawili, ikawaje?

Mama Wawili
Kwenye saa kumi alfajiri yule aliyeninunia ndiye aliyesema: "Si tuna jedwali la maazimo?" Kweli. Kila azimo ambalo tarehe ya kurudishwa ni NULL, kitabu chake kiko nje. Swali moja la SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata, likatupa orodha yote. Vikabaki vilivyopotea na vilivyokuwa kwenye matengenezo, 61, hivyo tulivisaka kwenye karatasi kimoja kimoja. Asubuhi tukamweleza mwalimu bila kuficha. Hakufoka. Aliuliza swali moja: "Kama kuazimwa kunajulikana kutoka kwenye maazimo, kwa nini mlikuandika tena kwenye kitabu?" Tulikuwa tumeshatolewa jasho na umbo la tatu muhula mzima, na hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo.

Usiku wa Manane
Dah. Hilo swali la mwalimu lina thamani kuliko muhula mzima.

Mshale
Mimi bado nasema kunormalisha, huko kuvunja majedwali ili data isijirudie, wanakukuza mno. Kazini tunarundika kila kitu jedwali moja na maisha yanaenda.

Chaki na Ubao
Yanaenda hadi mwalimu mmoja abadilishe simu, na simu yake imeandikwa kwenye mistari arobaini. Ukisahau mmoja tu, una namba mbili za mtu mmoja, na hakuna wa kukwambia ipi ni sahihi. Edgar Codd, aliyebuni kanzidata za majedwali, alipoandika makala yake mwaka 1970 alilieleza tatizo la data kujirudia na kupingana. Wakampa Tuzo ya Turing, ile kubwa ya sayansi ya kompyuta, 1981. Hakupewa kwa kuchora mishale.

Mshale
Sawa, ila umbo la Boyce na Codd, lile kali kuliko la tatu, je? Kuna jedwali ukilivunja ili lifike huko, kanuni moja haiwezi tena kulindwa ndani ya jedwali moja. Mwalimu wetu mwenyewe alisema mara nyingine ishia la tatu.

Chaki na Ubao
Hapo nakubali.

Kobe Mwendo
Kwa wanaosoma sasa hivi: wekeni fahirisi (index ya kutafutia haraka) kila safu, maswali yatapaa.

Usiku wa Manane
Usimsikilize. Kila INSERT, yaani kuongeza mstari mpya, italazimika kugusa fahirisi zote hizo. Weka pale unapotafuta mara kwa mara.

Mwaka wa Kwanza
Shikamooni wakubwa. Mtihani wangu ni wiki ijayo. Nifanyie mazoezi kwenye karatasi au kwenye kompyuta?

Mshale
Kompyuta. Karatasi haikuoneshi kosa.

Daftari la Zamani
Karatasi mdogo wangu, mtihani utaufanyia kwenye karatasi.

Mama Wawili
Marahaba mwanangu. Popote utakapofanyia, kabla ya UPDATE andika kwanza SELECT, ya kusoma tu bila kubadilisha, yenye WHERE ile ile, hesabu mistari inayorudi. Kisha fungua muamala, ndipo ubadilishe. Namba zisipolingana, ROLLBACK. Mimi hadi leo nahesabu kwa kidole kwenye kioo.