Naomba ushauri: nataka kupanda ndege ya kuelea bila uzito, nahofia tumbo na sikio

Kibo_Kimya (mwanzisha uzi):
Wakuu, salamu. Mimi ni kijana wa Moshi, miaka 36, kazi yangu kupandisha wageni mlimani. Mwaka juzi nilimpandisha Mfaransa mmoja njia ya Machame. Usiku ule tumelala Kibo Hut tukisubiri saa sita tuanze safari ya kileleni, akanionyesha video kwenye simu: yeye na wenzake wanaelea ndani ya ndege, miguu juu, wanacheka kama watoto. Maji yametoka kwenye chupa yamekuwa gololi inayotembea hewani, naye anaifuata kwa mdomo mpaka anaimeza. Tangu siku hiyo sina raha.

Ndege zenyewe zinarukia Bordeaux, Ufaransa. Nafasi nimepata, visa naishughulikia. Nina maswali mawili tu. Tumbo linavumilia? Na sikio langu la kushoto huziba kila nikishuka mlima, linakaa siku mbili halijafunguka, kule juu itakuwaje? Suala la pesa limeshakaa sawa, tusilijadili.

Ndizi_Mshare:
Mangi akikwambia suala la pesa tusilijadili, ujue ndilo lenyewe. Bei gani?

Mwalimu_Kijenge:
Kabla ya bei tuelewane. Humo ndani hakuna anayeondoa uzito. Dunia inakuvuta vilevile. Ndege inapanda imeinua pua karibu nyuzi 50, nguvu ya injini inapunguzwa, inabaki inakwenda kama jiwe lililorushwa: inapanda, inapinda, inashuka. Wewe na ndege mnaanguka pamoja, sakafu haipati nafasi ya kukupokea, basi unaelea. Sekunde 22, imekwisha, mnaanza upya. Anayetaka kuonja bure apande Hiace ya Kibosho siku dereva hajaona tuta. Ule moyo unaopanda kooni ndio huohuo.

Nesi_Pasua:
Kinachotapisha watu si kuelea, ni kabla na baada. Ndege ikijiinua unabanwa chini karibu mara mbili ya uzito wako. Wewe wa kilo 70 unajisikia kama wa kilo 126. Ukigeuza kichwa wakati huo, imekula kwako. Lala chali, kaza macho sehemu moja. Asubuhi usile mtori wa mafuta, ila usiende na njaa pia. Wenyewe wana dawa ya kuzuia kichefuchefu wanayotoa kabla ya kuruka.

Nakumbuka mwaka niliopata lifti ya kindege kidogo cha viti kumi na viwili kwenda Serengeti, upepo unatupiga kama tupo kwenye beseni. Mifuko ikaisha. Mzee aliyekaa mbele yangu alivua kofia yake, ya manyoya, nzuri, akaiangalia kidogo kama anaiaga. Sitasema zaidi.

Dalali_Sakina:
Ndizi_Mshare kauliza bei, hajajibiwa.

Kibo_Kimya:
Asante Nesi. Mwalimu, asante. Bei ni zaidi ya euro elfu saba, weka milioni 20 na ushee kwa pesa yetu, bila nauli. Mnaelea mara 15. Ni kama dakika tano na nusu kwa jumla.

Ndizi_Mshare:
Milioni 20 dakika tano na nusu. Nipo pale nimekaa.

Shangazi_Majengo:
Mwanangu, una mke? Watoto wanasoma wapi? Hiyo ni nyumba ya vyumba viwili na choo ndani. Pesa umetoa wapi, na usinijibu "limeshakaa sawa".

Kibo_Kimya:
Shangazi, sina mke. Watu wengine wanaweka pesa kwenye mikeka kila wikendi, hakuna anayewauliza. Stephen Hawking, yule mwanasayansi wa Uingereza, alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu, na mwaka 2007, akiwa na miaka 65, alipanda ya Marekani akaelea. Mimi mzima wa viungo mnaniona mwendawazimu. Nimeuza kipande kidogo cha ardhi. Basi.

Dalali_Sakina:
Kipande wapi? Kina hati? Kijiji kimegonga mhuri?

Kibo_Kimya:
Ni cha familia. Kipo ng'ambo ya mfongo, ule mfereji wa maji, kina mibuni ya zamani isiyozaa. Hakuna anayekwenda huko.

Shangazi_Majengo:
Ng'ambo ya mfongo. Yaani kihamba, ardhi ya urithi ya ukoo. Wewe ni wa ngapi kwenu?

Kibo_Kimya:
Wa mwisho.

Shangazi_Majengo:
Mungu wangu. Mtoto wa mwisho ndiye anayeachiwa nyumba na mama. Mama yupo hai? Anajua?

Kibo_Kimya:
Yupo. Hajui bado. Nilikuwa nataka nirudi kwanza nimwonyeshe video, ataelewa. Na sijauza chote, nimepokea nusu tu, na ile nusu ndiyo nimelipia nafasi. Kwa hiyo hata mkiniambia niache, kuna pesa imeshakwenda. Nilianza mlimani kama mpagazi. Miaka tisa begani nina kilo 20 za mgeni, na begi langu juu yake. Siwezi kutaka dakika tano za kutobeba kitu?

Ndizi_Mshare:
Mkuu, mimi ningeacha tu kazi. Bure kabisa.

Shangazi_Majengo:
Na huyo Hawking aliuza kihamba cha nani?

Dalali_Sakina:
Bila mama, bila wanaukoo, bila muhtasari wa kijiji, huyo mnunuzi wako ndiye anayeelea kwa sasa. Niliwahi kuuza kiwanja Usa River cha ndugu watatu, wawili wamesaini, wa tatu yuko Songea. Siku ya kuweka nguzo akatokea na panga na mchungaji. Sijui alimpitia wapi mchungaji.

Fundi_Ngarenaro:
Wadau mnajadili kwa uchungu, lakini hii ni chai. Na haina hata tangawizi. Mtu anayepandisha wageni anasema njia ya Machame wakalala Kibo Hut? Machame unalala Barafu. Kibo Hut ni ya Marangu. Mtoto yeyote aliyewahi kubeba hata kreti ya mayai mlimani anajua. Na ndege ya kuelea ya Wafaransa, nimetafuta, ni Airbus A310. Hizo zilishastaafu zamani.

Mwalimu_Kijenge:
La ndege umekosea. Ya Bordeaux ni A310 kweli, inafanya kazi hiyo tangu 2015, na kabla ya hapo ilibeba viongozi wa Ujerumani. Marubani watatu wanaigawana: mmoja anashika pua, mwingine anazuia mabawa yasilale upande, wa tatu injini. La Kibo Hut sina la kumtetea.

Ndizi_Mshare:
Nilijua. Sindano ya kichefuchefu nimechomwa mimi.

Nesi_Pasua:
Nimesimulia kofia ya watu bure.

Kibo_Kimya:
Fundi, ni Marangu. Nilibadilisha njia makusudi kwa sababu humu mmejaa watu wa kwetu na nilijua mtanitambua. Mimi ningekosea Barafu na Kibo? Kibo Hut choo kipo nje, usiku ule mlango wa chumba ulikuwa haufungi, tuliuzuia kwa jiwe. Mgeni alivaa soksi mikononi maana glavu zililowa Horombo. Simu alikuwa ameilaza na chaji ndani ya begi la kulalia isife kwa baridi.

Fundi_Ngarenaro:
La simu kwenye begi la kulalia nakubali. Bado nakuangalia.

Marangu_Damu:
Samahani, mimi msomaji wa kimyakimya. Ng'ambo ya mfongo, mibuni ya zamani, mtoto wa mwisho, Marangu. Kuna migomba mitatu na isale, ule mmea wa mpaka, kwenye kona, karibu na jiwe kubwa jeupe?

Kibo_Kimya:
Kwa nini unauliza?

Marangu_Damu:
Njoo inbox, kaka. Kuna mzee anapima hapo tangu asubuhi kwa kamba ya katani, na mama amesimama mlangoni anamwangalia.

Shangazi_Majengo:
Mpigie mama yako. Sasa hivi.

Dalali_Sakina:
Na asing'oe isale! Isale haing'olewi na mgeni! Bei ulimpa kwa mita au kwa macho?

Kibo_Kimya:
Kwa macho.

Amepiga yeye mara tatu, sijapokea. Nimetuma meseji kwamba nipo kazini, nitapanda nyumbani Jumamosi.

Ndizi_Mshare:
Leta mrejesho Jumamosi, tafadhali. Wa ndege tutaungoja, wa mama ndio tunautaka.

Kibo_Kimya:
Nitaleta. Lakini wakuu, kurasa zote hizi hakuna aliyenijibu kuhusu sikio.