Naomba ushauri: lenzi pana ya kupigia picha mapango ya Amboni

Habari zenu wakuu. Niko Tanga, natumia Canon yenye sensa ya APS-C (ile ndogo kuliko fremu kamili ya milimita 35). Lenzi iliyokuja na kamera inaanzia milimita 18, na kwa sensa hii inaona kama lenzi ya milimita 29 kwenye fremu kamili. Mle Amboni haitoshi kabisa: napata kipande cha ukuta, dari yote inabaki nje, na dari ndiyo hasa ninayoipenda.

Nimekwama kati ya mbili. Canon 10-18 ni nyepesi, ina kituliza mtikisiko, lakini tundu lake la mwanga linaanzia f/4.5 (namba ikiwa ndogo, mwanga unaingia zaidi). Tokina 11-16 ina f/2.8 mwanzo hadi mwisho, ila ni nzito na haina kituliza. Ndani ni giza totoro. Stendi ninayo, lakini wageni ninaowapiga hawatulii. Aliyewahi kupiga pangoni, ungechukua ipi?