Programu inatoa vipande 8, jeli inaonyesha 6: niwaelezeje wanafunzi?

Swali
Wadau, kabla ya maabara wanafunzi wangu hukata DNA ya virusi lambda kwa HindIII (kimeng'enya kinachokata DNA) ndani ya NEBcutter, programu ya kuigiza ukataji huo. Wengine wanapata vipande 7, wengine 8, na kwenye jeli halisi, inayotenganisha vipande kwa ukubwa, wanahesabu 6. Nifanyeje waelewe badala ya kukariri?

Jibu
Mwalimu, anza na hiyo 7 na 8. DNA hiyo ina jozi 48,502 za besi na HindIII huikata mahali 7. Aliyechagua umbo la duara hupata vipande 7, kikubwa kikiwa 27,491. Aliyechagua mstari hupata 8, kikubwa 23,130. Usiwaambie! Waulize 27,491 imetoka wapi. Wakijumlisha vipande vya ncha mbili, 23,130 na 4,361, watagundua wenyewe kuwa duara limeviunganisha.

Jibu
Kwa jeli, wape hesabu ya uzito. Ukipakia nanogramu 500, kipande cha jozi 564 kinabeba kama nanogramu 6 tu, na cha 125 kama 1. Mng'ao wa rangi hufuata uzito, kwa hiyo hivyo viwili hupotea machoni.

Jibu
Mstari wa kipande cha 4,361 kwenye jeli ukiwa hafifu, kimeshikana na kile cha 23,130 kwa ncha za cos, yaani ncha zinazonata za DNA ya lambda. Pasha sampuli nyuzi 65 kwa dakika 10, iweke kwenye barafu papo hapo, kisha pakia. Na tafadhali, wachore jeli kwenye karatasi kabla ya kubofya. Programu ikitangulia kutoa jibu, zoezi limekufa.

Muulizaji
Asanteni sana. Agarosi (unga wa kutengenezea jeli) ya asilimia 1 inatosha?

Jibu
Inatosha. Ya 0.8 hutenganisha vikubwa vizuri zaidi.