Tangawizi yangu inaharibikia kwa chupa. Nyinyi mnaosha na kukausha aje?

Mama_Tangawizi_Umoja
Sasa wadau. Mimi hutengeneza tangawizi ya kuchachusha hapa nyumbani, ile ya tangawizi mbichi, sukari, ndimu na hamira kidogo, yetu ya kunywa na wageni wa Jumapili, si ya kuuza. Kwa ndoo inakaa poa kabisa. Shida inaanza nikishaweka kwa chupa, zingine zinakaa sawa na zingine ukifungua inaruka mpaka dari alafu iliyobaki ni siki tupu, na ni ndoo ile ile ya siku ile ile! Chupa ni za bia zile za kahawia za nusu lita nilitoa kwa jamaa wa kukusanya chupa, na za juisi za kioo. Naosha na sabuni ya vyombo na maji moto, nasuuza, nazipindua juu ya taulo ya jikoni usiku mzima. Asubuhi bado ziko na matone ndani na zingine zinanuka kitambaa kimelala na maji. Huku maji ni ya mgao kwa hivyo nasuuzia ya drum. Jirani anasema nitie tu Jik mingi, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, niache maneno, mimi naogopa. Nisaidieni.

Mzee_wa_Kreti
Dada, ndoo yako haina makosa. Ingekuwa na makosa chupa zote zingeharibika pamoja. Zikiwa ni zingine tu, hiyo ni chupa, hakuna haja ya kubadilisha hamira wala kupunguza sukari saa hii.

Fanya hivi leo usiku. Chukua moja ya zile mbaya, mwaga, suuza vile huwa unasuuza, zima taa za jikoni alafu weka tochi ya simu chini ya kitako cha chupa uangalie kwa mdomo. Tazama pale shingo inaanzia kuwa bega. Nakuhakikishia utaona pete, kautando kembamba karangi ka chai, na ukipitisha maji hakatoki. Hapo ndio bakteria wanajificha. Hata umwage dawa gani juu ya huo utando, bakteria wa chini yake wanakaa raha mustarehe. Watu wengi wanakimbilia dawa ya kuua na chupa bado ni chafu, yaani wanaua wale wa juu tu. Kwanza safisha, ikishakuwa safi ndio uue.

Na sabuni ya vyombo achana nayo, harufu yake inabaki na inaua povu ya kinywaji. Nunua magadi, ile ile ya kulainisha githeri, inatoka tu hapo Ziwa Magadi Kajiado. Weka vijiko viwili vikubwa kwa lita tano za maji moto, koroga, ichuje na kitambaa kwa sababu huwa na mchanga, alafu zamisha chupa usiku mzima mpaka zijae, zisibaki na hewa. Asubuhi lebo zinatoka zenyewe na ule utando umelegea. Pitisha brashi ya chupa ndefu, ile ya chupa za mtoto haifiki bega vizuri. Kama huna brashi tia mchele mbichi kidogo na maji, ziba na kidole, tingisha kwa nguvu. Vaa glavu, magadi inakausha mikono vibaya.

Kelele_za_Pipeline
Tangawizi ya kuruka mpaka dari 😂😂 watu wa Umoja sema tu mnapika busaa tukuje

Mama_Tangawizi_Umoja
@Kelele_za_Pipeline ndoo haina hata harufu ya pombe wewe, kunywa maji.
@Mzee_wa_Kreti nimeangalia na tochi. Aki nimeshtuka. Pete iko, na moja iko na kichungi cha sigara kimegandia chini! Nilikuwa nadhani ni kivuli cha kioo.

Nyanya_wa_Siki
Hiyo ya sigara tupa. Na kabla hata ya magadi nusa kila chupa iliyotoka kwa watu wa kukusanya. Huku kwetu chupa ya bia ndio kibuyu cha mafuta taa, cha dawa ya kunguni, cha tapentaini ya fundi wa rangi. Ikinuka chochote cha hivyo usijaribu kuiokoa, hata ikiwa nzuri namna gani. Zenye ulikunywa mwenyewe nyumbani zisuuze dakika ile umemaliza, maji ya moto mara mbili tatu, hautahitaji hata brashi.

Jik inafanya kazi lakini si vile jirani anasema. Kijiko kimoja kikubwa kwa lita nne za maji BARIDI, dakika ishirini, basi. Hiyo ya kawaida isiyo na manukato. Ukiongeza haiui zaidi, inakuletea tu kazi ya kusuuza, na isiposuuzwa vizuri klorini inashikana na vitu vya hamira na tangawizi inaleta ladha ya plasta ya hospitali, hata tone kidogo tu utaisikia. Na usiwahi, usiwahi kuchanganya Jik na siki au ndimu au dawa yoyote ya asidi, inatoa gesi ya sumu na jikoni za fleti zetu unajua dirisha ni moja.

Karani_Msumbufu
Sasa Nyanya, akishasuuza Jik na maji ya drum si amerudi pale pale? Mimi naona hapo ndio shida ya Nairobi yote, unaua kila kitu alafu unasuuza na maji yamekaa siku nne na ndoo ya kuchotea imewekwa sakafuni.

Nyanya_wa_Siki
Ndiyo maana maji ya kusuuzia unachemsha jana yake unaacha yapoe kwa sufuria imefunikwa. Nilidhani hiyo inajulikana.

Bonde_la_Rongai
Mimi natumia iodini ya agroveti, ile wakulima huchovya chuchu za ng'ombe baada ya kukama. Bei poa na inaua vizuri.

Karani_Msumbufu
@Bonde_la_Rongai bro hapana. Iodini yenyewe haina shida, watu wa maziwa wanaoshea vyombo na iodini, lakini hiyo ya chuchu mara nyingi huwekwa mafuta ya kulainisha ngozi. Utakunywa losheni. Tafuta ile lebo inasema ni ya vyombo vya maziwa na ufuate kipimo chake.

Kama una oveni hiyo ndio njia naipenda kwa sababu haihitaji kusuuza. Chupa zikishakuwa safi funika mdomo na kipande cha foili, zipange kwa oveni ikiwa BARIDI, pandisha mpaka nyuzi 170 za Selsiasi, hesabu saa moja kutoka hapo, zima, usifungue mlango mpaka zipoe zenyewe. Ukitoa moto uweke kwa simiti inapasuka. Foili ikibaki juu unaweza kuziweka kabatini hata wiki kadhaa na ndani hakujaguswa na kitu. Kama hauna oveni chemsha kwa sufuria kubwa, lakini kumbuka hapa Nairobi tuko karibu mita 1,795 juu ya bahari, maji yanachemka kwa nyuzi kama 94, sio 100. Inatosha kuua hamira na wale bakteria wa kuchachua, mimi huacha tu dakika kumi na tano badala ya kumi. Chupa za plastiki za soda usichemshe, zinajikunja, na usizisugue na brashi kwa sababu mikwaruzo ndio nyumba ya bakteria.

Mtoto_wa_Kamukunji
Hakuna amejibu ya kukausha. Taulo ndio inakunukisha chupa. Mdomo ukilala juu ya kitambaa hewa haiingii, kwa hivyo mvuke wa ndani hautoki, na kile kitambaa kimepanguza kila kitu hapo jikoni. Kwanza kabla hujapindua, zungusha chupa ikiwa kichwa chini mpaka maji yafanye kimbunga, katikati hewa inapata njia na inamwagika yote mara moja badala ya ile glu glu glu inaacha nusu kikombe.

Alafu enda kwa fundi wa mbao akutobolee ubao, matundu ya sentimita tatu na nusu, miguu minne mirefu kushinda shingo ya chupa. Unaingiza shingo, bega inakaa kwa ubao, mdomo unaning'inia hewani haugusi kitu. Kule kwetu Kamukunji watakuuzia stendi ya vyuma vya kuingia ndani ya chupa, inakaa smati, lakini ile rangi ya bei rahisi inabanduka na chuma inashika kutu, mimi sitaki chuma ndani ya chupa yangu. Kreti kuukuu ya soda pia inasaidia kama umeisugua na magadi na chini yake iko wazi. Na usiziache uchi siku nzima, vile vinzi vidogo vya ndizi ndivyo hubeba bakteria wa siki kwa miguu.

Mama_Tangawizi_Umoja
Asanteni sana, ubao nimeshaongea na fundi hapa nyuma ya soko. Nipake vanishi? Na lazima chupa zikauke kabisa kabla ya kujaza?

Mtoto_wa_Kamukunji
Vanishi hapana. Mwagia maji yanayochemka kila ukitumia, uanike juani.

Karani_Msumbufu
Kukauka si lazima kama ni maji yaliyochemshwa, matone mawili matatu hayana neno. Kukauka ni ya zile unaweka kabatini. Ukipata mtu anatoka ng'ambo akuletee Star San, ile dawa ya kuua viini watu wa kutengeneza bia nyumbani hutumia kwa vyombo, mililita moja na nusu kwa lita ya maji, dakika moja mbili, mwaga ujaze ikiwa bado na povu, husuuzi. Ila ukiichanganya na maji magumu ya kisima inakuwa nyeupe kama maziwa na nguvu inapungua, tumia ya mfereji.

Mzee_wa_Kreti
Na dada, zile za juisi toa kwa hii kazi kabisa, hata zikiwa safi. Kioo yake haikutengenezewa gesi, siku moja itapasukia mtoto usoni. Weka maharagwe.