Naomba ushauri: ada ya mafunzo ya useremala kwa vijana wa kijijini

Habari zenu wakuu. Niko Kilolo, Iringa, katibu wa kikundi cha vijana kumi na wawili. Huku misitu ya kupandwa ni mingi, mbao zinaondoka na malori kila wiki, lakini kitanda kizuri tunakifuata mjini. Tunataka kujifunza useremala.

Chuo cha ufundi kipo, ila ni mbali: ukijumlisha ada, chumba na chakula, wazazi hawawezi. Tulifikiria mkopo usio na riba unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (ile 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu). Afisa maendeleo ya jamii wa kata akatuambia fedha ile ni ya mradi wa kuzalisha, si ya kulipia ada. Kisheria sina ubishi naye, ila mradi bila ujuzi unaendeshwaje?

Tuna fundi mzee hapa kijijini, hana cheti, kazi yake haina mpinzani. Amekubali kutufundisha iwapo tutapata mashine ya kuranda na banda lenye umeme.

Maswali yangu:
Kuna kikundi kilichowahi kuandika andiko la mradi wa karakana, kikanunua vifaa kwa mkopo huo huku wanachama wakijifunza kwa fundi? Marejesho mliyaanza vipi kabla kazi haijashika?

Pili, ule utaratibu wa VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, nani hulipia gharama za tathmini mkiwa kikundi?