MREJESHO: Priampu ya valvu iliyokuwa inakwaruza upande wa kushoto

Wakuu, salaam kutoka Raskazone, Tanga. Mliojibu swali langu la priampu (kile kikuza sauti kinachotangulia amplifaya) kukwaruza spika ya kushoto, asanteni mno.

Nilifuata ule ushauri wa kubadilishana valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) za kushoto na kulia kabla ya kununua chochote. Nikazima, nikachomoa waya, nikasubiri zipoe. Kuwasha tu, mkwaruzo ukahamia kulia! Basi mbovu ni valvu. Nimeweka valvu mpya aina ya ECC83, ambayo pia huitwa 12AX7, na pini zote tisa za ile nzima nimezisugua kwa spiriti. Chumvi ya bahari ilishazifubaza.

Sasa santuri za Black Star, kundi la taarab la hapa Tanga, zinasikika hadi pumzi ya mwimbaji. Raha tupu!

Muungurumo mdogo bado upo nikiongeza sauti. Valvu mpya haikuuondoa. Fundi anashuku kapasita za pawa, yaani vile vihifadhi chaji vinavyotuliza umeme unaoingia.