Nimegoma kumsainisha mgonjwa fomu ya upasuaji, inchaji (muuguzi msimamizi wa wodi) kaninunia. Nilikosea?

fildi_mwaka_wa_pili

Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa. Niko diploma ya uuguzi mwaka wa pili, hii wiki ya tatu niko fildi wodi ya wanawake kwenye hospitali moja ya rufaa, jina naliacha maana nataka nimalize salama. Jana asubuhi nilipewa niandae wagonjwa watatu wa thieta (chumba cha upasuaji). Wawili wakaenda freshi tu. Wa tatu ni mama wa miaka 38, ana mtoto mmoja, ana uvimbe kwenye kizazi na amekuwa akitoka damu miezi kibao mpaka kashaongezewa chupa mbili. Intani (daktari aliye mafunzoni) akaniachia faili akasema we msainishe tu thieta wanamsubiri, yeye huyo akakimbilia raundi.

Nimekaa pembeni ya kitanda nampa peni, mama akaniuliza "mwanangu, huo uvimbe wakishautoa nikae muda gani ndo nibebe mimba?" Nikafungua faili. Imeandikwa TAH. Yaani kizazi chote kinatoka!! Jasho lilinitoka wakuu. Mama wa watu anajua anatolewa uvimbe tu anarudi kutafuta mtoto wa pili.

Sikumwambia kitu, nikasema subiri kidogo mama, nikarudisha peni mfukoni nikaenda kwa inchaji nikamwambia mgonjwa hajaelewa mi simsainishi. Daktari akapigiwa simu akaja moto, mbele za watu ananiambia nimemtisha mgonjwa wake, na kwamba mume si yupo hapo nje kwenye korido, atasaini yeye. Inchaji akasema hapana, basi mama akaondolewa kwenye orodha ya siku hiyo. Ila na yeye inchaji tangu hapo hanisemeshi.

Sasa naomba kujua, kumsainisha mgonjwa ni kazi ya nani hasa? Ningemwambia mwenyewe maana ya TAH ningekuwa nimevuka mipaka? Na hilo la mume kusaini likoje?

chai_ya_rangi

Karibu kwenye fani dada, kununiwa kupo kwenye mtaala ila hawaandiki 😂😂

Mama_Zamu_ya_Usiku

Marahaba mwanangu. Mimi nilianza kazi enzi tunavaa kofia kichwani, sasa hivi nasubiri kustaafu, kwa hiyo nisikilize taratibu.

Hukukosea. Anayepasua ndiye anayeeleza, au daktari mwingine anayeijua hiyo operesheni vizuri kiasi cha kujibu maswali yote. Aeleze ugonjwa ni nini, anataka kufanya nini, faida yake, hatari zake, kuna njia gani nyingine, na mgonjwa akikataa kitatokea nini. Sisi manesi tunashuhudia. Ukiweka jina lako pale kwenye shahidi unasema huyu mtu nimemuona akisaini mwenyewe, ana akili timamu, hajalazimishwa na anaonekana ameelewa. Sasa wewe ulishaona hajaelewa, ungeshuhudia nini hapo? Uongo?

Halafu wewe bado mwanafunzi, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga huna, unafanya kazi chini ya mwenye leseni. Hata hiyo nafasi ya shahidi haikuwa yako. Intani alikosea kukupa na muuguzi wa zamu alikosea kukuacha peke yako na ile fomu. Hilo ndo linamuuma inchaji wako, we usidhani kakuchukia.

La kumwambia TAH ni nini, ulifanya vizuri kukaa kimya. Wengine wanadhani kumtetea mgonjwa ni kumpasulia jipu hapohapo kitandani. Ungemwambia "mama wanatoa kizazi" halafu akuulize kwa nini, kuna njia nyingine, mayai yanabaki au yanatoka nayo, ungejibu nini? Sema hivi: mama swali lako ni zuri, anayetakiwa kulijibu ni daktari, naenda kumwita na mpaka aje hakuna anayekugusa. Basi. Akishakuja, wewe usiondoke. Simama palepale, maana akiondoka daktari mgonjwa atakugeukia wewe aseme "sista, kasemaje?" na hapo ndo kazi yetu inaanza, unamwambia hebu nieleze wewe ulivyoelewa kwa maneno yako. Akisema "wanatoa uvimbe" unamrudisha daktari, hata akikunja sura.

Mume asisainie mtu mzima mwenye fahamu zake. Anaweza kukaa naye, kushauriana naye, wodi nyingine wana utaratibu wa ndugu kusaini chini kama shahidi, sawa, ila mwili ni wa mama na sahihi ni ya mama. Hajui kuandika? Dole gumba na shahidi. Na mtu akishachomwa sindano ya kutuliza akaanza kusinzia hiyo fomu haisainiwi tena, nimeshaona mtu anashikwa mkono kama mtoto wa chekechea anayefundishwa kuandika.

Nikuulize na mimi, kwenye faili uliandika nini?

kisu_na_uzi

Mimi ni daktari, acha nipigwe mawe kidogo.

Mama Zamu yuko sahihi na yule mwenzangu kufoka wodini ni aibu yake. Ila jamani elewa inavyotokea. Huyu mama yawezekana alionwa kliniki na bingwa mwezi juzi, bingwa akamweleza vizuri tu, mama akasikia neno "uvimbe" masikio yakaziba (wengi wanaziba, sio ujinga, ni hofu), bingwa akaenda likizo, mwingine akapanga orodha, siku ya operesheni intani amekesha na ana wagonjwa 30 wa raundi. Kila mmoja anajua mwenzake ameshaeleza. Hakuna aliyedanganya na mama anaamka hana kizazi.

Kitaalamu hapo kuna operesheni mbili tofauti. Maiomektomi unatoa uvimbe unaacha kizazi, mama anaweza kuzaa tena ila damu inaweza kumwagika sana na uvimbe unaweza kurudi baadae. Histerektomi, hiyo TAH, unatoa kizazi chote, hedhi imeisha na uvimbe haurudi, na kuzaa ndo basi. Mama wa miaka 48 mwenye watoto watano huyo wengi wanachagua ya pili wenyewe. Miaka 38 na mtoto mmoja? Hapo lazima ukae chini muongee. Na hata ukikubaliana naye maiomektomi lazima umwambie mapema kwamba damu ikigoma kukata mezani tunaweza kulazimika kutoa kizazi ili usife, na iandikwe kwenye fomu. Ukimwambia baada ya operesheni inakuwa utetezi.

Nitofautiane na Mama Zamu kidogo tu. Vitu vya kiuguzi nesi aeleze mwenyewe asimsubiri daktari: kwa nini hali chakula tangu usiku, mpira wa mkojo utawekwa na utatoka lini, maumivu, kuanza kutembea kesho yake. Mara nyingi mgonjwa analia kwa ajili ya huo mpira kuliko kisu.

Mama_Zamu_ya_Usiku

Dokta hapo hatujatofautiana, hayo ni yetu tangu zamani. Na kanula yenyewe, ile ya kupitishia dripu, hachomwi mtu kwangu bila kusema "naomba mkono". Akikubali kunyoosha mkono hiyo nayo ni ridhaa, haihitaji karatasi.

mjomba_wa_Tandika

Mimi sio mtu wa afya ila niseme upande wa sisi tunaolala kwenye mabenchi. Dada yangu alilazwa siku 11 na mpaka anatoka hatukujua nani ni nani. Kila mwenye koti jeupe tunaita dokta, kila mwanamke tunaita nesi. Kumbe yule "dokta" tuliyekuwa tunamganda na maswali kila asubuhi alikuwa mtu wa maabara anakuja kuchukua damu, maskini akawa anatujibu "mtaambiwa" tukaona ana dharau. Na yule binti tuliyekuwa tunamtuma mashuka ndo daktari wa wodi 😭 Tulikuja kuambiwa na mhudumu, yule wa usafi, ndo pekee alikaa akatueleza kwamba dawa uliza famasia, bili ikizidi nenda ustawi wa jamii wapo chumba kile, majibu muulize daktari saa ya raundi usimvizie getini. Huyo mhudumu kwangu ndo alikuwa mkurugenzi.

Sasa mkivaa beji basi zigeuzeni jina lionekane, zinaning'inia kinyumenyume siku nzima. Na mjitambulishe, "naitwa fulani mimi ni muuguzi wa zamu hii", inachukua sekunde ngapi jamani.

mwalimu_wa_chaki_mbili

Nafundisha maadili chuo cha afya, hii stori ya huyu binti imenikumbusha kesi moja ya Marekani ambayo huwa naianza nayo somo. New York 1908, mwanamke anaitwa Mary Schloendorff alikubali apewe dawa ya usingizi wamchunguze tumboni, akasema wazi kwamba hataki kupasuliwa. Usiku nesi anamuandaa, akamwambia na yule nesi kwamba mimi ni wa kuchunguzwa tu. Alipoamka uvimbe wa kizazi umeshatolewa, baadae mkono ukamharibika mpaka wakamkata baadhi ya vidole. Kesi ikaamuliwa 1914 na jaji Cardozo akaandika maneno ambayo mpaka leo yanasomwa vyuoni, kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuamua mwili wake ufanywe nini, na mpasuaji anayepasua bila ridhaa kamshambulia mtu.

Kinachowashangaza wanafunzi wangu kila mwaka ni kwamba pamoja na maneno yote hayo hospitali ilishinda. Mi huwa nawarudisha kwa yule nesi wa usiku. Aliambiwa. Mgonjwa alimwambia kwa mdomo wake, na taarifa ikafia pale. Wewe binti ilikufikia ukaibeba ukaenda nayo kwa mtu.

wa_Kisauni

Kutoka Mombasa hapa. Kwetu hili liko kwenye sheria ya afya ya 2017, kifungu cha 8 kinasema mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu zilizopo, hatari na gharama, tena kwa lugha anayoifahamu, kisha cha 9 ndio ridhaa yenyewe. Dharura ina njia yake, mtu hajitambui na ukingoja atakufa, atibiwe. Na kuna mkataba wa haki za wagonjwa wa 2013, umebandikwa ukutani hospitali kadhaa nilizopita, kwa Kiingereza 🙄 nyanyangu anaketi chini yake akingoja namba yake iitwe.

fildi_mwaka_wa_pili

Wakuu asanteni sana, nimesoma zote usiku wa jana nikiwa hosteli. Mrejesho.

Leo bingwa mwenyewe kaja, kavuta kiti kakaa na mama karibu nusu saa pazia limefungwa, muuguzi wa zamu yupo na mimi nimeruhusiwa kusimama. Kachora kabisa kizazi kwenye karatasi. Mama kalia kidogo, kauliza maswali mengi kuliko tuliyowahi kuulizwa darasani, mwisho kasema kizazi chake hataki kitolewe, anataka watoe uvimbe, na kaelewa kwamba damu ikigoma wanaweza kukitoa. Imeandikwa hivyohivyo. Kasaini mwenyewe, ndugu zake wanatafutiwa utaratibu wa kuchangia damu kwanza, operesheni Alhamisi.

Mama Zamu umenishika pabaya na lile swali. Kwenye faili niliandika "mgonjwa amekataa upasuaji" 🙈 Asubuhi inchaji akaniita kwenye kabati la dawa, mi najua sasa naenda kufukuzwa, akafungua faili akaniambia huyu mama alikataa saa ngapi? Aliuliza swali. Ulivyoandika hivi mwenye kosa anakuwa yeye. Akanifundisha kuandika saa, maneno ya mama kama alivyoyasema, nilimpa nani taarifa na saa ngapi. Kile cha kwanza nikapiga mstari mmoja kisomeke, nikasaini pembeni, na yeye akasaini. Hajacheka lakini kanipa na karanga.

Mama_Zamu_ya_Usiku

Huyo inchaji mshike huyo. Na mume je, hajakuvizia korido akuulize wameamua nini?

fildi_mwaka_wa_pili

Kanivizia mama, tena na soda. Nimemwambia muda wa kuona wagonjwa ni saa kumi, aingie amuulize mkewe.